Mkono unaodonoa ngozi: namna ya kuitambua hisia inayoutuma

Mtu anayedonoa ngozi yake mpaka itoke damu huwa ameshaambiwa "acha" na kila aliye karibu naye, na mwenyewe ameshaapa kuacha. Viapo havidumu kwa sababu kudonoa kunamsaidia jambo fulani: wasiwasi unashuka, hasira inapoa, uchovu wa kazi isiyoisha unasahaulika. Nafuu hiyo ni ya dakika chache. Baadaye inakuja aibu ya kujitazama kwenye kioo, na aibu ndiyo inayourudisha mkono usoni. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye hisia, kisha unakuja kwenye kucha.

Tatizo hili linatambulika kitabibu. Liliingia kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, DSM-5, mwaka 2013, na limo kwenye ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, kundi moja na tatizo la kujing'oa nywele. Hakuna sababu ya kumficha daktari.

Hakikisha kwanza kwamba ngozi yenyewe haiwashi. Upele, pumu ya ngozi, kisukari, maradhi ya figo na ya ini vinaweza kuuwasha mwili. Kama na wengine nyumbani wanajikuna usiku, hasa katikati ya vidole na kiunoni, nendeni mkatibiwe wote kwa pamoja. Daftari la hisia haliponyi upele.

Wiki ya kwanza: daftari

Kudonoa kuko kwa namna mbili, na wengi wanazo zote. Ya kwanza ni ya kukusudia: unakwenda kwenye kioo, unawasha taa, unatafuta kipele cha kutumbua. Hapa hisia huwa kali, nawe unaijua kidogo. Ya pili huja bila kufikiri. Uko kwenye foleni au unaangalia simu, ukija kushtuka kucha ina damu. Hii huanza na kitu kidogo sana, kama kukosa la kufanya, kusinzia, au ukingo wa kigaga cha kidonda ulioguswa na kidole.

Kwa siku 7 usijaribu kuacha. Andika tu, kwenye daftari dogo au kwenye simu: saa na mahali, mkono ulianzia wapi, mwili unajisikiaje, hisia ni ipi na nguvu yake kuanzia 0 hadi 10. Mstari mmoja unatosha: "Saa 4 usiku, kitandani. Kidole gumba kinapapasa taya. Meno nimeyakaza, kifua kinabana. Hasira kwa dada, 6."

Andika pale vidole vinapoanza kupapasa. Anayeandika damu ikishatoka hukumbuka aibu peke yake, na hisia ya mwanzo inapotea. Wala usihesabu vidonda, maana daftari litageuka orodha ya makosa na utaliacha siku ya tatu.

Wengi hukwama kwenye safu ya hisia. Kila mstari unasomeka "stresi". Neno hilo halikuelekezi ufanye nini, kwa kuwa limebeba mambo mengi yasiyofanana. Hasira inadai jambo lisemwe kwa anayehusika. Upweke unadai mtu wa kuongea naye. Uchovu unadai kulala. Wasiwasi wa kesho unapungua ukiandika hatua ya kwanza ya kesho asubuhi. Ukiziita zote stresi, zote zitaishia kwenye kidevu.

Jina likikataa kuja, anza na mwili. Pitia taya, koo, kifua, tumbo, mabega. Donge kooni mara nyingi ni kilio kilichozuiwa. Uso kuwaka moto huwa hasira au fedheha. Jiulize kama unataka kugomba au unataka kujificha. Mwili mzito usiotaka kuinuka ni huzuni au usingizi mchache. Andika maneno 8 nyuma ya daftari: hasira, kinyongo, fedheha, wasiwasi, upweke, huzuni, uchovu, kuchoshwa. Chagua humo. Kuna watu ambao kuzitaja hisia ni kazi ngumu kweli, na kwao wiki moja haitoshi. Waendelee na daftari hata kwa mwezi.

Wiki ya pili: mkono ukiinuka

Mbinu inayotumika zaidi ilitolewa na wanasaikolojia Azrin na Nunn mwaka 1973: mkono unapewa kazi nyingine isiyoweza kwenda pamoja na kudonoa. Kunja ngumi zote mbili bila kuumiza viganja, viwiko viguse mbavu, ukae hivyo dakika 1 hadi 3. Ngumi zikiwa zimekunjwa, itaje hisia kimoyomoyo pamoja na namba yake. Vuta pumzi kwa sekunde 4, itoe kwa sekunde 6. Kisha pima tena. Namba ikishuka kutoka 7 hadi 4, ondoka kwenye kioo ukaifanyie hisia ile inachodai. Usisubiri ifike 0.

Inashindikana kwa sababu mbili hasa. Moja, mtu huanza namba ikishafika 9. Fanya mazoezi mara 5 kwa siku ukiwa umetulia ili mwili uizoee. Nyingine, huchagua kitendo kisichowezekana mbele ya wateja au ndani ya daladala. Ngumi zilizotulia mapajani hakuna anayeziona.

Kwa kudonoa kusiko kwa kukusudia, hisia itachelewa kuonekana, basi usikie mkono kwanza. Vaa bangili mbili zinazogongana, au funga plasta kwenye ncha ya kidole gumba na cha shahada.

Mazingira nayo: kata kucha kila baada ya siku 3, ondoa kibano na pini bafuni, simama mbali na kioo urefu wa mkono ulionyooshwa. Kidonda kioshe kwa maji na sabuni laini, kipake mafuta ya mgando, kifunike. Kikiwa na unyevu hakifanyi kigaga kigumu cha kubandua. Tunasisitiza hili kwa ngozi nyeusi, ambayo madoa yake hukaa miezi: usiyafukuze kwa mkorogo. Krimu zenye steroidi kali, ambazo mara nyingi huchanganywa humo, hufanya ngozi iwe nyembamba, zikachelewesha kupona na kuleta chunusi mpya.

Anayeishi naye asipige kelele "acha!" wala asimshike mkono. Kubalianeni ishara moja ya kimya, kama kumgusa bega, na swali moja: "Unajisikiaje sasa hivi?"

Usaha, wekundu au uvimbe unaosambaa, au homa, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kama kuna mawazo ya kujidhuru au kufa. Na kama baada ya miezi miwili bado unachelewa kazini au unakwepa watu kwa sababu ya ngozi, tafuta mwanasaikolojia au kitengo cha afya ya akili. Dodoma kuna hospitali ya Mirembe, Dar es Salaam Muhimbili, Nairobi Mathari. Nenda na daftari lako. Litamwonyesha mtaalamu kwa dakika 10 yale ambayo ungehangaika kuyaeleza kwa mdomo.