SOMO: Taa za nyuma zinasumbua? Pima hivi kabla ya kukimbilia Kisekka, soko la vipuri Kampala

Swali hili linarudi kila wiki, kwa hiyo naliandika mara moja. Nazungumzia Toyota za miaka ya 90, Corolla, Corona na Hiace, maana ndizo zinazoingia garaji nyingi hapa Tororo. Na tangu sheria ya Uganda ya 2018 izuie kuingiza gari la miaka 15 na zaidi, haya tuliyonayo tutaendelea kuyalea.

1. Jua ni taa ipi hasa. Huna wa kukukanyagia breki? Usiku rudisha gari karibu na ukuta, utaona mwenyewe kwenye kioo.

2. Fyuzi. Ikikatika, weka ya namba ile ile.

3. Balbu. Ya nyuzi mbili imeandikwa 12V 21/5W: wati 21 za breki, 5 za taa ndogo. Vipini vyake havilingani kimo, ikikataa kuingia igeuze, usiilazimishe. Ukichomeka ya uzi mmoja hapo, njia mbili zinagusana na ukikanyaga breki dashibodi nayo inawaka.

4. Taa zote mbili za breki kimya, fyuzi nzima? Swichi iko juu ya pedeli. Kama ni ya waya mbili, chomoa soketi, unganisha matundu yake kwa kipande cha waya. Taa zikiwaka, swichi imekufa. Zikiwaka bila kuzima mpaka betri inalala, angalia kwanza chini kwenye kapeti. Kile kidude cha plastiki kinachobonyeza swichi hukauka na kupasuka, utaokota vipande vyake kama maganda ya karanga. Bolti fupi na nati kwenye tundu lake vitakufikisha nyumbani.

5. Erthi, yaani njia ya umeme kurudi betri. Hapa tulia.

Umeme ukishapita kwenye balbu lazima urudi betri, na kwenye gari unarudi kwa bodi. Waya wake kwenye Toyota ni mweupe wenye mstari mweusi, umefungwa kwa bolti ndogo kwenye bati kule nyuma, mahali maji na vumbi jekundu vinapenda kukaa. Bolti hiyo ikiota kutu, taa zinakuwa hafifu, indiketa inapepesa pamoja na taa ndogo, na ukikanyaga breki taa ndogo inafifia.

USIPIME SOKETI TUPU. Balbu ikiwa nje, mita itakuonyesha volti 12 safi hata kama waya umebakiza unywele mmoja wa shaba, kwa sababu mita yenyewe karibu haili umeme. Namba hiyo imeuza taa nyingi mpya zisizohitajika. Rudisha balbu, mtu akanyage breki, weka ncha moja ya mita kwenye waya wa erthi nyuma ya soketi na nyingine kwenye negativu ya betri (ongeza waya mrefu). Chini ya volti 0.2, erthi ni nzima. Ikisoma volti moja au mbili, hizo ndizo balbu inazonyimwa. Fungua bolti, piga msasa bati na kijicho cha waya mpaka ving'ae, kaza, NDIPO upake grisi. Usitoboe tundu jipya bila kuchungulia upande wa pili, huko kuna bomba za breki na tangi. Wala usidunge ngozi ya waya kwa sindano: maji yanaingia, shaba inageuka kijani.

6. Waya zinazopita kwenye bawaba ya buti hukatika ndani kwa ndani. Vuta mmoja mmoja taratibu. Unaonyumbuka ndio uliokatika.

MASWALI

Dereva wa Busia: Taa ya nyuma haiwaki, msaada haraka.
Jibu: Gari gani, taa ipi, umefika hatua ya ngapi?
Dereva wa Busia: Sijasoma, ni ndefu.
Jibu: Basi na jibu ni refu.

Kamunye: Fyuzi ya 10 ilikuwa inakatika, fundi akaweka 30. Sasa imetulia.
Jibu: Haijatulia, inapika waya. Itoe leo. Chomoa soketi zote za nyuma, weka ya 10. Ikikaa, rudisha moja moja. Itakayoikata ndiyo yenye shoti. Ikikatika hata zote zikiwa nje, anzia palipoungwa kengele ya rivasi au ndoano ya trela.
Kamunye: Fundi wangu ana miaka 20 kazini.
Jibu: Waya haujui hilo.

Mama Corona: Samahani mwalimu, mimi si fundi. Kwa nini indiketa iwake kidogo nikikanyaga breki, na kila moja ina waya wake?
Jibu: Karibu mama, umeuliza vizuri. Wa kwenda kila moja ina wake, wa kurudi ni mmoja. Ukiziba, umeme wa breki unaingia kinyumenyume kwenye balbu ya indiketa, unasafiri mpaka indiketa ya mbele ya upande huo huo, unashukia erthi ya kule. Umepita balbu mbili tatu mfululizo, ndiyo maana zote zinang'aa kwa unyonge. Jaribu hivi: waya mnene kutoka erthi ya soketi moja kwa moja hadi negativu ya betri. Kila kitu kikitulia, umeshapata ugonjwa.
Mama Corona: Kimetulia! Na nikiweka za LED?
Jibu: Nunua nyekundu kwa kioo chekundu, nyeupe hutoa rangi ya waridi. Indiketa itapiga mbio mpaka ubadilishe flesha, kile kidude kinachoipepesa. Ila pima erthi kwanza kwa balbu ya kawaida, LED huridhika na umeme kidogo na kuficha tatizo.

Afande: Kioo kimepasuka, nimebandika tepu nyekundu.
Jibu: Afande, tepu ni ya siku chache. Ukienda Kisekka usitaje mwaka wa gari peke yake, Corolla za mwaka ule ule zina taa tofauti. Piga picha ya namba iliyochongwa kwenye kioo chenyewe, ulinganishe na ya kule. Na kagua mpira wa nyuma ya taa kabla hujalipa, ukiwa umekauka maji yataingia mvua ya kwanza tu.