Gari ya zamani imepauka? Usikimbilie kusprei, lisha rangi kwanza

Kama uko na gari ya zamani hapa Nairobi, iwe Peugeot 504, Datsun, Corolla DX, Beetle, chochote cha miaka ya 70 au 80, na boneti imepauka hadi ukipitisha kidole kinatoka na unga kama chaki ya darasani, tafadhali soma hii kabla hujaipeleka kwa fundi wa kusprei. Mara nyingi hiyo rangi haijakufa, iko na kiu tu.

Mimi nilijifunza kwa uchungu. 504 ya marehemu baba ilikaa nje pale Umoja miaka mingi bila hata kifuniko, nyekundu yake ikaenda ikaenda mpaka ikawa pinki, rufu na boneti ndio zikawa mbaya kabisa. Fundi wa kwanza niliyempelekea aliangalia dakika moja akasema, "Bosi, hii ni kupiga msasa tuspreie yote." Nikasema wacha nifikirie kwanza, lakini kijana wake alikuwa ameshapitisha msasa mkavu kwenye ukingo wa fenda, mara mbili tatu hivi, na praima ya kijivu ikatokea. Hiyo alama iko mpaka leo. Rangi ya kiwandani gari inapewa mara moja tu, ukishaiondoa imeenda, ndio maana naandika haya.

Kwanza ujue unashughulika na nini. Gari nyingi za zamani hazina klia juu, ile tabaka angavu isiyo na rangi inayokinga rangi, kwa hivyo rangi yenyewe ndio inakaa wazi kwa jua. Miale ya jua na hewa inavunja ile gundi inayoshika rangi, inaanzia juu kabisa, na hiyo tabaka iliyovunjika ndio ule unga unaouona. Nairobi nayo iko karibu na ikweta na iko juu karibu mita 1,800, kwa hivyo hata kama hatusikii joto kama watu wa Mombasa, miale inayokula rangi huku ni mikali sana. Nyekundu huumia haraka kuliko rangi nyingi. Lakini chini ya unga kuna rangi nzima bado.

Sasa pima. Chukua kitambaa cheupe, weka polishi kidogo, sugua mahali pamejificha kama chini ya mlango. Kitambaa kikishika rangi ya gari, hauna klia na hii kazi ni yako (gari nyeupe tumia kitambaa cheusi). Kikibaki bila rangi, uko na klia, hapo unaweza kupolishi kidogo pia, ila kama klia imeanza kubambuka vipande vipande kama ngozi iliyochomwa na jua, hapo mkono hausaidii, hiyo sehemu ni ya kusprei kweli na hakuna kampaundi, ile dawa ya kusugulia yenye chembe za kukwaruza, itakayoirudisha. Kipimo kingine ni maji: lowesha boneti, kama ile rangi ya zamani inarudi ikiwa imelowa, tumaini lipo.

Osha gari kivulini, asubuhi, bodi ikiwa baridi. Tumia sabuni ya maji ya vyombo mara hii moja tu, itoe waksi na mafuta ya zamani, halafu suuza sana na ukaushe na taulo, usiache maji ya borehole yakaukie kwenye rangi kwa sababu yanaacha madoa ya chumvi. Kama ukipitisha mkono bado unasikia vijipunje, pitisha klei, ule udongo laini wa kuokotea uchafu, na maji ya sabuni mengi, bila kukandamiza. Klei ikianguka chini itupe, usijaribu kuisafisha, ina mchanga tayari.

Halafu ndio hatua ambayo watu wanaruka, na ndio muhimu kuliko zote: kulisha. Unatafuta polishi ya mafuta mengi isiyo na chembe za kukwaruza, inaitwa glezi. Watu wa magari ya zamani wanaijua sana Meguiar's namba 7 kwa kazi hii. Taulo nilitoa soko la Gikomba, mtumba, yale ya pamba yenye vinyweleo virefu, ukifika nyumbani kata lebo na mishono yote ya pembeni maana inachora rangi. Mwaga glezi nyingi kwenye taulo, usione uchungu, na usugue kwa nguvu sehemu moja moja. Taulo langu liligeuka jekundu kama nimefuta damu nikaogopa nikadhani nimeharibu, kumbe ni ule unga uliokufa ndio unatoka. Ukimaliza paka nyingine nzito, acha ilale usiku mzima, kesho yake futa. Niliporudi asubuhi ile pinki ilikuwa imeanza kuiva, si kung'aa bado, lakini nyekundu ilikuwa pale chini naiona. Rudia mara mbili au tatu, utaona kila mara inazidi kukolea.

Na tafadhali usipake dizeli, mafuta taa wala mafuta ya kupika. Itang'aa siku moja, kesho imeshika vumbi lote la barabara.

Sasa ndio unaingia kwenye kampaundi, na uanze na ile laini kabisa. Zungushia maskintepu, ile tepu ya karatasi ya mafundi wa rangi, sehemu ndogo, sentimita 30 kwa 30, ujaribu hapo kwanza, ikitosha usipande kwa ile kali. Kunja taulo, weka kampaundi kidogo, enda mbele na nyuma kwa mistari iliyonyooka, mkono wa wastani, futa, angalia. Geuza upande wa taulo kila mara maana rangi iliyokufa ikijaa inaanza kukwaruza yenyewe. Kwenye kingo, mikunjo ya bodi na vichwa vya fenda bandika maskintepu, huko rangi ni nyembamba sana, muulize fenda yangu. Usingoje taulo liache kushika rangi, bila klia halitaacha kamwe, simama ukiona mng'ao unakutosha. Gari ya metaliki bila klia ndio uwe mwangalifu zaidi, kitambaa kinatoka kijivu kwa sababu unaondoa zile chembe za alumini, na ukizidisha inabaki na mabaka ambayo hayatoki. Msasa wa 2000 au 3000 na maji ya sabuni upo, lakini kwa rangi ya kiwandani mimi siushauri, labda mkwaruzo mmoja mdogo.

Vaa glavu. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, kwa hivyo fanya kazi kila kitu kikiwa na unyevu, usipeperushe unga mkavu, watoto wakae mbali, na hayo mataulo usiyafue pamoja na nguo za nyumbani.

Maliza na polishi laini halafu waksi, tabaka mbili nyembamba ni nzuri kuliko moja nzito. Boneti peke yake ilinichukua Jumamosi mbili na mabega yaliuma, mashine ingekuwa haraka lakini kwa rangi nyembamba hivi mkono unasikia kitu ambacho mashine haisikii. Ukijua baadaye utasprei sehemu fulani, hapo usipake kitu chenye silikoni, au umwambie fundi mapema, rangi mpya inaweza kujitenga vishimo vishimo.

Kutoka hapo acha kuoshewa na sabuni ya unga ya kufulia, inaondoa waksi yote. Kinyesi cha ndege lowesha kwanza ndio ufute, hasa kama unapita chini ya ile miti ya wale makorongo karibu na uwanja wa Nyayo, maana kikikaa juani kinachimba rangi. Gari ikilala nje paka waksi kila miezi miwili hivi, na kama huna uhakika imefika wakati mwaga maji kwenye boneti uangalie: yakisimama matone matone bado iko, yakitandaa kama kwenye sahani toa taulo.