Jibini ya wageni isikae nje saa nzima
Maelekezo mengi ya kuandaa sinia ya jibini yameandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, ndiyo maana hushauri itolewe kwenye friji saa moja kabla ya kuliwa. Kwa joto la Dar es Salaam, hasa Januari na Februari, dakika 15 hadi 20 zinatosha. Ikate ingali ya baridi ili kisu kisiiponde, kisha uigawe katika sahani mbili, moja iende mezani na nyingine ibaki kwenye friji ikiwa imefunikwa hadi ile ya kwanza itakapopungua. Mafuta ya jibini yakilegea kiasi, harufu na ladha yake hujitokeza, lakini yakizidi kulegea, jibini ngumu kama cheddar hutoa jasho la mafuta na kingo zake hukauka. Korosho na tende zaweza kukaa kando yake. Embe, ambalo binafsi nalipenda kuliko zabibu, liwekwe kwenye kibakuli chake kwa kuwa maji yake huilowesha jibini. Dakika hizo 15 hadi 20 hazitoshi kwa duara zima la brie, aina ya jibini laini, ambalo katikati hubaki gumu, wala kwenye sebule yenye kiyoyozi kikali.