Somo: Kuprinti kijitabu pande mbili bila maneno kumezwa na mkunjo

Kila msimu wa harusi na Pasaka swali ni lile lile: "Nimetoa kijitabu cha nyimbo, maneno yameingia kwenye mkunjo." Naliandika hapa mara moja, kwa kijitabu cha A4 inayokunjwa katikati na kupigwa pini.

1. Kabla hujaandika chochote, weka karatasi iwe A5 (milimita 148 kwa 210). Ukipanga kwenye A4, printa itapunguza kila kitu hadi asilimia 71. Herufi za 12 zinakuwa kama 8.5, na wazee kanisani hawasomi kitu.

2. Idadi ya kurasa igawanyike kwa 4. Zikipelea, ongeza tupu.

3. Pambizo. Soma taratibu, wengi wanaharibu hapa. Ukurasa wa 1 mkunjo uko kushoto, wa 2 uko kulia. Ukiongeza nafasi ya kushoto peke yake, kurasa za namba witiri zitapendeza na za namba shufwa zitamezwa. Kwenye Word fungua "Page Setup", sehemu ya "Multiple pages" chagua "Mirror margins". Hapo kushoto na kulia vinageuka "Inside" na "Outside". Mimi huweka milimita 15 zote mbili. "Gutter" iache sifuri, maana inajumlishwa juu ya pambizo ya ndani. Na usiguse pambizo ukishaandika yaliyomo: mistari itahama, namba za kurasa zitakudanganya.

4. Hifadhi PDF, fungua kwa Adobe Reader, chagua "Booklet", "Both sides". Kwenye mpangilio wa printa weka "Flip on short edge".

5. Toa nakala moja, ikunje, imulike kwenye mwanga. Ndipo utoe zilizobaki.

Swali: Mkuu, nyuma inatoka kichwa chini, wateja wananisubiri!
Jibu: Hatua ya 4, sentensi ya mwisho.

Swali: Nimefuata yote, bado inameza.
Jibu: "Mirror margins" umeweka?
Swali: Hapana, niliona hainihusu.
Jibu: Inakuhusu. Hatua ya 3.

Swali: Changu kina kurasa 60. Nikishakata kingo, kurasa za katikati zinabaki na pambizo nyembamba kuliko za mwanzo. Kwa nini?
Jibu: Umeangalia vizuri, dada. Hizo ni karatasi 15. Ya gramu 80 ina unene wa kama milimita 0.1, kwa hiyo ya katikati inasukumwa nje na 14 zilizoifunika: milimita 1.4, na zaidi mkunjo ukilegea. Kisu kinakula hapo. Weka pambizo ya nje 18, namba ya ukurasa ikae chini katikati, na ubane mkunjo kwa rula kabla ya pini. Kikinenepa zaidi ya hapo, shona kwa uzi kwa mafungu.

Swali: Stepla yangu haifiki katikati.
Jibu: Ifungue, laza kijitabu juu ya ndala kuukuu, jalada likiwa juu, piga. Kisha laza miguu ya pini kwa ndani kwa mgongo wa kijiko.

Swali: Sisi tupo Tanga, karatasi zinajikunja na pande mbili hazilingani.
Jibu: Unyevu huo. Rimu isikae wazi usiku kucha, irudishe kwenye kifungashio chake. Na vibanio vya trei viguse karatasi pande zote, bila kuikunja.