SOMO: Kukalibreti kipima kaboni dayoksaidi, hatua kwa hatua

Wadau, swali la jinsi ya kukalibreti kipima, yaani kukirekebisha kisome sawasawa, nimelijibu mara nyingi mno kwenye simu, sasa naliandika hapa. Nazungumzia kipima cha ukutani au cha mkononi chenye sensa ya infraredi, kile cha stoo ya mapipa ya bia, kiwanda cha soda au nyumba ya uyoga. Gesi hii haina rangi wala harufu. Anayeshuka kubeba pipa ameiamini ile namba.

1. Mwarifu msimamizi kwamba kengele italia.
2. Futa vumbi kwa brashi laini, kavu. Usipulizie dawa ya kusafishia wala spirti.
3. Washa, kiache kipate moto kwa muda uliotajwa kwenye mwongozo.
4. Hewa safi. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo someni polepole. Hewa ya nje ina zaidi kidogo ya 420 ppm (sehemu kwa kila milioni) za gesi hii, na vifaa vingi huichukulia kama 400. Mimi nilikitoa nyuma ya baa moja, umeme umekatika, jenereta inanguruma hatua chache tu, nami nimekiinamia nikisoma namba huku nakihemea. Nikabonyeza kitufe cha kukalibreti. Kikakubali, maana chenyewe hakijui hewa safi ni ipi, kinakuamini wewe. Kesho yake mteja akapiga simu: mlango wa stoo uko wazi na kipima kinasoma 0. Siku nzima kilikuwa kinapunguza zaidi ya 400 kwenye kila kipimo, na kijana wa stoo alishuka humo mara nne. Kwa hiyo: uwanja wa wazi, mbali na magari, majiko na jenereta. Kiweke juu ya kiti, kaa upande ule upepo unakoelekea, subiri namba itulie dakika 20, ndipo ubonyeze. Namba ikiendelea kupanda na kushuka, usibonyeze.
5. Gesi ya kalibresheni, yaani ya mtungi ambao kiwango chake cha kaboni dayoksaidi kinajulikana. Unganisha regyuleta, mpira na kofia ya kifaa; mtiririko mara nyingi ni nusu lita kwa dakika. Soma tarehe ya mwisho kwenye mtungi. Usitumie mtungi wa baa: ule ni kaboni dayoksaidi tupu, utaizidi sensa.
6. Andika tarehe, namba ya kabla na ya baada.

MASWALI

— Mkuu, mimi nakipulizia pumzi kinalia. Si inatosha?
Haitoshi. Pumzi ina takriban ppm 40,000. Umejua king'ora kinalia, hujajua kama kitalia kwenye 5,000. Rudi hatua ya 5.

— Kinafaa chumba cha kulala chenye jiko la mkaa?
Hapana. Jiko la mkaa linaua kwa kaboni monoksaidi, ambayo ina sensa yake. Litoe jiko nje leo hii.

— Nimefuata yote, bado kinasoma vibaya.
Kifaa gani? Kabla kilisoma ngapi? Ulisimama wapi? Bila hayo sina cha kukujibu.

— Shikamoo fundi. Kipima kilikalibretiwa Dar, hapa Mbeya nje kinasoma kama 345. Kimekufa?
Marahaba. Hakijafa, na umefanya vizuri kukitoa nje kwanza. Sensa inahesabu molekuli zilizo mbele ya mwanga wake. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la pwani, kwa hiyo molekuli ni chache. Tafuta mpangilio wa mwinuko kwenye menyu, uweke mita zako, kisha rudia hatua ya 4 hukohuko.

— Niko Goma. Huku tuna mazuku, hii gesi inayotoka ardhini. Kipima nikiweke urefu gani?
Chini, ndugu yangu, sentimita 30 hadi 45 kutoka sakafuni. Gesi hii ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, ndiyo maana mazuku hujaa mabondeni na kuua mbuzi wakati mtu aliyesimama hajahisi kitu. Ukishuka shimoni, teremsha kipima kwa kamba kwanza.

— Changu kinajikalibreti chenyewe kila wiki. Nipo nyumba ya uyoga.
Asante kwa kulitaja, nililisahau. Kizime hicho kipengele. Kinachukua kipimo cha chini kabisa cha wiki na kukiita hewa safi, na humo ndani uyoga hupumua na kutoa gesi hii usiku na mchana.