Ukizama kwenye theluji kati ya vilele, usivute mguu

Kwa mnaotembea na viatu vya theluji (fremu pana zinazofungwa chini ya buti) kwenye milima ya Adirondack, New York: kati ya kilele cha Algonquin (mita 1,559) na Iroquois kuna misprusi mifupi (miti ya jamii ya misonobari) ambayo majira ya baridi hufunikwa kabisa. Matawi yake huzuia theluji isijae chini, hivyo panabaki uwazi karibu na shina. Kwa juu panaonekana tambarare, tena panavutia. Ukikanyaga, unazama hadi kiunoni, wakati mwingine hadi kifuani.

Ukishazama, tulia. Kiatu kimenasa chini ya tawi, na ukizidi kuvuta theluji inamwagika na kukushindilia. Vua begi kwanza. Laza fimbo zako mbili juu ya theluji zikiwa zimepishana, ziegemee kwa kifua, kisha fukua kwa mkono mpaka uufikie mguu. Geuza ncha ya kiatu itokee ilikoingilia. Ikigoma, fungua kamba, toa mguu, halafu vuta kiatu chenyewe. Mwenzako asikukimbilie, maana shimo la pili huwa jirani. Asimame mbali kidogo akunyooshee fimbo.

Fuateni njia iliyokwisha kukanyagwa, na vincha vya miti vinavyochungulia kwenye theluji vipiteni mbali. Viatu vyenyewe si hiari huko: theluji ikifika sentimita 20, kanuni za eneo hilo zinataka uvae hivyo au ski (mbao ndefu za kutelezea). Glovu za akiba ziweke juu kabisa ndani ya begi, kwa sababu ulizofukulia zitalowa.