Kutaja saa kwa Kiingereza

Waingereza huanza kuhesabu saa katikati ya usiku, sisi tunaanza jua linapochomoza. Kwa hiyo ongeza 6: saa 2 asubuhi ni "eight o'clock". Ikizidi 12, toa 12. Saa 9 alasiri inakuwa "three o'clock". Ukiwa na saa ya mishale huna haja ya hesabu, soma namba iliyoguswa na mshale mfupi.

"Na robo" ni "quarter past", kasorobo ni "quarter to": saa 3 kasorobo asubuhi, "quarter to nine".

Wengi hukwama usiku. Saa 8 usiku ni "two in the morning", na tarehe imeshageuka. Tiketi ya ndege ya Jumanne saa hiyo inakutaka uwanjani Jumatatu usiku.